Barua ya ofisi ya uchaguzi: wanataka ushahidi wa uraia

Mama Neema, Texas:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niliapa kuwa raia wa Marekani Machi mwaka jana na palepale ukumbini nikajaza fomu ya kujiandikisha kupiga kura. Nimeshapiga mara moja. Jana imekuja barua ya kaunti: rekodi zao zinaonyesha mimi si raia, nipeleke ushahidi ndani ya siku 30, la sivyo jina linafutwa. Leseni niliichukua nikiwa bado na grinkadi. Nipeleke kopi ya cheti cha uraia au pasipoti? Cheti kimeandikwa kuwa ni marufuku kukinakili bila idhini, na orijino naogopa kuiposti.

Juma, Minnesota:
Pole sana dada. Januari 2019 jimbo lenu lilitangaza orodha ya wapiga kura kama 95,000 walioshukiwa kuwa si raia. Siku chache tu ikabainika kwamba maelfu kwa maelfu ni raia halali, walipata leseni kabla N-400, ile fomu ya kuomba uraia, haijapita. Jimbo likashtakiwa, Aprili likaifuta orodha yote. Mimi walinizungusha DMV, ofisi ya leseni, miezi mitatu kwa sababu jina la baba kwenye cheti ni Saleh na kwenye kadi ya Social Security wameandika Salehe.

Bi Zuhura, Ohio:
Juma, dada kauliza kura, wewe unamjibu leseni. Mama Neema, orijino usiitoe mkononi. Yangu ilipotea njiani, nikajaza N-565, fomu ya kuomba cheti kingine, na kungoja mwaka mzima. Na hiyo kura usiiache. Weusi wa hapa walipigwa virungu kwenye daraja la Selma Machi 1965, Agosti ikasainiwa Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, Oktoba ikasainiwa Sheria ya Uhamiaji iliyofuta ule mgao wa kuwapendelea watu wa Ulaya. Yote ni mwaka uleule. Bila wale hakuna mtu wa Tabora wala Tanga angepata makaratasi haya kirahisi.

Baba Imani, Maryland:
DV, ile bahati nasibu ya grinkadi, ilitokana na sheria ya 1990, Bi Zuhura, si ya 1965.

Bi Zuhura, Ohio:
Sikutaja DV. Soma tena.

Baba Imani, Maryland:
Sawa, nimekosea. Lakini deni hilo tunalilipaje? Kule California kamati ya fidia ya utumwa ilipiga kura 2022, watano kwa wanne: wanaostahili ni wazao wa watumwa, au wa Weusi huru waliokuwepo nchini kabla karne ya 19 haijaisha. Sisi hatumo. Kazini mwenzangu Mweusi wa Georgia aliniambia hilo usoni, nikaumia. Polisi wakimsimamisha mwanangu hawamwulizi ukoo wake.

Mwangi, Massachusetts:
Usiumie, ndugu. Jenerali Sherman aliwapa ardhi watumwa walioachwa huru Januari 1865, na kabla mwaka haujaisha Rais Johnson ameanza kuwarudishia mabwana. Hiyo ardhi haikuwa ya babu zetu. Zetu tunazijua. Babu yangu kule Kenya alivaa kipande, kitambulisho cha wakati wa mkoloni, shingoni, kwenye kikopo cha bati, hatoki shambani kwa Mzungu bila hicho. Uingereza ililipa 2013, pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 walioteswa Kenya wakati wa Hali ya Hatari, enzi za Mau Mau. Nyanya yangu alishakufa. Barua ya Mama Neema nimeisoma nikamkumbuka babu: onyesha karatasi, onyesha karatasi.

Bi Zuhura, Ohio:
Mwangi umenigusa. Na sisi wa Unguja tuseme yetu pia. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na kwetu wapo wajukuu wa waliouzwa na wa waliouza, wanaswali safu moja. Tunadai Wamarekani waseme ukweli wao, wetu tunaunong'ona. Mwezi huu karafuu zinaanikwa Pemba, harufu yake naisikia hapa katikati ya theluji.

Juma, Minnesota:
Hapa kwetu tulimchagua 2018 aende Kongresi Ilhan Omar, dada aliyeishi utotoni kwenye kambi ya wakimbizi Kenya. Kwa hiyo kura zinafanya kazi. Nani ana namba ya wakili wa bure Texas?

Mama Neema, Texas:
Nimesoma yote, nashukuru. Ya kipande nimemsomea binti yangu, anafikisha miaka 18 Oktoba. Zimebaki siku 26. Hiyo pasipoti, kopi ya ukurasa wa picha peke yake inatosha?