Mjadala: Agnes wa The Devil's Bath tumwonee huruma au tumwite muuaji tu?

Kijiti
Wakuu, jana nimemaliza The Devil's Bath, ile muvi ya Austria ya 2024 ya Veronika Franz na Severin Fiala, na mpaka saa hizi kichwa hakijatulia. Humo ndani hakuna shetani hata mmoja, msije mkadanganywa na jina (maana yake Bafu la Shetani). Kwa ambao hawajaona ni hivi, mwaka 1750 huko vijijini binti anaitwa Agnes anaolewa na Wolf, familia yao wanavua samaki wa bwawani, anapelekwa kwenye nyumba ya mawe yenye giza pembeni ya msitu, mume hamgusi, mimba haiji, mama mkwe yupo juu yake asubuhi mpaka jioni. Taratibu anazimika. Anatamani kufa ila kanisa limeshafundisha ukijiua ni motoni, hakuna nafasi ya kutubu. Basi anapiga hesabu yake: nikiua mtoto, nikajipeleka mwenyewe, nikaungama kwa padri halafu nikakatwa kichwa, nitakufa nimesamehewa, na mtoto hana dhambi naye anaenda mbinguni. Na anafanya kweli. Sasa swali, hii muvi imemtetea muuaji au haijamtetea? Mimi nasema imemtetea. Saa mbili kamera imemganda Agnes, yule mtoto tumepewa dakika chache tu.

mama_Tuli
Mimi nililala nikaamka bado anatembea msituni. Kama hiyo ndiyo ya kutisha basi hata foleni ya Ubungo ni ya kutisha.

Sajini Mstaafu
Muuaji ni muuaji. Kila mwenye huzuni aende akachinje mtoto wa watu? Siku hizi mtu akishikwa tu tayari ana sonona, mbona kabla ya kushikwa hakuwa nayo. Na niseme jambo ambalo najua mtanipigia kelele, mtu pekee mwenye akili kwenye ile muvi ni mama mkwe. Anaamka na giza, anaingia kwenye tope la bwawa, anajua nani kala na nani hajala. Huyo Agnes wenu anaokota wadudu wakavu anawapanga.

binti_wa_Pangani
Sajini shikamoo, lakini umenigusa pabaya. Ile sehemu mama mkwe anaingia jikoni kwa mkwewe anahamisha vyombo, anavitundika anavyotaka yeye, uliiona au ulikuwa unachati? Mimi niliisimamisha pale pale. Niliishi ukweni, kila nikitoka sokoni nakuta masufuria yamehamishwa, mwiko hauko ulipokuwa, chumvi imepanda juu ya kabati nisipofika, na hakuna aliyesema neno. Ukimwambia mume anakuona mgomvi, unagombana na mama kisa sufuria? Waongozaji wamelijua hilo bila kuishi kwetu.

Kijiti
Da Binti pole, ila turudi kwenye swali, imemtetea au haijamtetea.

Bi Mkubwa wa Tabata
Mwanangu wa Pangani, mimi ni mama mkwe wa wake wawili na vyombo nahamisha. Nahamisha kwa sababu sufuria la ubwabwa likikaa chini mende wanazaa humo. Hicho ndicho kinachomfanya mtu akaue mtoto wa jirani? Nyie mabinti wa siku hizi mnataka mkwe awe picha ukutani.

binti_wa_Pangani
Bi Mkubwa marahaba nimekuitikia kabla hata hujasalimiwa 😂 hakuna aliyesema kuhamisha sufuria ni kuua. Nimesema inaanza hapo.

Bi Mkubwa wa Tabata
Inaanzia kwenye malezi. Na mimi ndiye wa kuitikia marahaba, sio wewe.

Mzuka wa Kariakoo
Jamani uzi wa muvi umegeuka kitchen pati 🤣🤣 wekeni wimbo basi

Nesi wa Zamu ya Usiku
Naona watu wanaongea kama hii stori imetungwa. Haijatungwa. Waongozaji wametoa kwenye kazi ya mwanahistoria Kathy Stuart wa California, yeye kachimba mafaili ya mahakama za zamani na kesi za namna hii zimepatikana zaidi ya 400 kwenye nchi za Kijerumani peke yake, wengi wao wanawake, na wengi waliouawa ni watoto, kwa sababu mtoto mdogo aliyebatizwa walijua anaenda mbinguni moja kwa moja, kwa hiyo muuaji hakuona anamwonea. Na sio Wakatoliki tu, Walutheri ndio usiseme. Denmark ilifika mahali serikali ikachoka, 1767 wakatoa sheria kwamba mtu wa namna hiyo asihukumiwe kifo tena, apewe kazi ngumu maisha, maana kumuua ndiyo kumpa anachotaka. Mnaelewa hapo? Adhabu ya kifo ilikuwa inazalisha mauaji.

Halafu matibabu ya Agnes. Kinyozi, ndiye tabibu wao, anamtoboa ngozi ya shingo kwa nyuma, anapitisha uzi wa nywele za farasi, ule uzi unabaki humo na unavutwavutwa ili kidonda kisifunge, eti huzuni itoke na usaha. Yaani walijua kabisa anaumwa. Wangekuwa wanamwona mvivu tu wasingempeleka kwa kinyozi.

Sajini Mstaafu
Sista, hizo 400 ni miaka mingapi? Miaka mia mbili mtu 400 hata sio tatizo, ajali za bodaboda zinazidi.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Nimeandika aya mbili umesoma namba tu.

Otis wa Ahero
Nyinyi watu mnabishana sufuria na mmeruka kitu cha maana. Mwanzoni kuna jirani anajiua, si mliona vile maiti yake ilifanywa? Hapati mazishi, anatupwa kama mzoga, na Agnes anaona yote. Hapo ndipo hesabu yake inaanzia, si kwa mama mkwe. Alafu mlinganishe na yule mwanamke wa mwanzo kabisa aliyetupa mtoto kwenye maporomoko, yeye amekatwa kichwa, mwili umewekwa uonekane, na watu wamemkata vidole wanaenda navyo nyumbani! Agnes mwenyewe anapewa kidole kama zawadi ya harusi, na kaka yake, aweke kitandani apate mtoto. Yaani aliyejiua ni uchafu lakini aliyeua mtoto akaungama ni dawa. Sasa ungekuwa wewe ungechagua gani?

Na msiseme ni mambo ya wazungu wa zamani. Kwetu aliyejiua anazikwa nje ya boma, hapitishwi langoni, ua linatobolewa kando, na kama alijinyonga kwenye mti, mti unakatwa na kuchomwa. Wakati wa mjomba wangu nilikuwa mdogo na hakuna aliyelia kwa sauti, mama alifunga mdomo kwa leso mpaka tukarudi kwa nyumba. Serikali ya Kenya nayo ilikuwa inafanya hivyo hivyo, kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilikuwa kinasema ukijaribu kujiua ukashindwa unashtakiwa, unaweza kufungwa miaka miwili. Mpaka Januari 2025 Jaji Mugambi ndiye alisema kifungu hicho kinapingana na katiba. 2025! Kwenu Bongo kifungu kama hicho, cha 217, bado kipo, kajisomeeni.

Mzuka wa Kariakoo
Kidole kitandani 😳 nilidhani ni mshumaa

Katekista wa Parokia
Ndugu Otis, salamu. Naona kila mtu analirushia Kanisa mawe. Hayo ni ya karne ya 18. Sheria ya Kanisa ya 1917 ndiyo ilikuwa inawanyima mazishi waliojiua kwa makusudi, na ile ya 1983 imeliondoa hilo. Katekisimu namba 2283 inasema wazi tusikate tamaa juu ya wokovu wao, na 2282 inasema mtu mwenye maradhi makubwa ya nafsi au hofu kuu hatia yake inapungua. Msihukumu kwa muvi.

Otis wa Ahero
Katekista hiyo 1983 ilifika parokia yenu mwaka gani? Mjomba alizikwa baada ya hapo, na padri alituma ujumbe ana safari.

Katekista wa Parokia
Mimi siwezi kumjibia padri ambaye simjui. Inawezekana kweli alikuwa na safari.

Otis wa Ahero
Safari ya siku mazishi yamepangwa. Sawa.

Abu Nassor
Assalaam aleykum. Nataka kuweka sawa upande wetu kabla hamjatuingiza. Ipo hadithi kwamba aliletwa mtu aliyejiua na Mtume (s.a.w.) mwenyewe hakumsalia, ila wanazuoni wengi wamesema anasaliwa, imamu mkubwa ndiye anaweza kujizuia ili watu wapate funzo, wengine wanasali. Kwa hiyo anaoshwa, anakafiniwa, anazikwa makaburini na Waislamu. Hatutupi mtu.

Sajini Mstaafu
Hata huyo wenu imamu kajizuia. Kwa hiyo hata nyie mnajua adhabu lazima ionekane. Ukianza kumpa kila mtu mazishi mazuri unafungua mlango.

Abu Nassor
Mzee wangu nimekwambia wengine wanasali wewe umechukua aliyejizuia.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Mlango gani Sajini? Mimi nawapokea hao watu usiku. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kuhusu mazishi. Wanasema wamechoka, wanaomba radhi kwa usumbufu, wengine wanauliza kama polisi wanakuja, na ndugu kwenye fomu wameandika kaanguka bafuni kwa sababu wanaogopa hicho kifungu. Wewe unaniambia adhabu ionekane. Imeonekana, ndiyo maana ndugu wanadanganya, na mimi natibu kuanguka bafuni.

Bi Mkubwa wa Tabata
Hapo Nesi umesema la maana mwanangu. Na ndio maana kwangu mkwe akinyamaza siku mbili namuuliza. Nahamisha sufuria na namuuliza.

binti_wa_Pangani
Bi Mkubwa, mkwe wangu angeuliza ningeosha hayo masufuria yote.

mama_Tuli
Nimerudi kuimalizia kwa sababu yenu. Mwisho mmenificha! Anakatwa kichwa, halafu watu wanapanga mstari na vikombe kununua damu yake, wanakunywa, muziki unapigwa wanacheza. Nimezima simu nimewasha taa. Kumbe sikulala kwa sababu inaboa, nililala kabla haijanishika. Na yule Agnes kumbe ni mwanamuziki, Anja Plaschg, na muziki wa humo katunga yeye.

Mzuka wa Kariakoo
mama_Tuli asante kwa kutuharibia mwisho

mama_Tuli
Kijiti kasema anakatwa kichwa kwenye posti ya kwanza kabisa, wewe umesoma nini?

Mzuka wa Kariakoo
mimi nilianzia kwenye kitchen pati

Sajini Mstaafu
Nesi, mimi nimelinda watu miaka mingi na sijasema wapigwe. Nimesema mtoto wa watu kauawa na huu uzi mzima hakuna aliyemlilia. Mmemlilia Agnes, mmemlilia mjomba wa Otis, mmelilia masufuria.

Otis wa Ahero
Usimtaje mjomba wangu kwa mstari mmoja na masufuria.

Sajini Mstaafu
Umemleta mwenyewe bwana.

Kijiti
Jamani jamani. Sajini hapo kwenye mtoto amesema kile kile nilichoanza nacho mimi. Ila naona tumeshakubaliana kwamba shida ni sheria na mazishi, kwa hiyo tufanye hivi, kila mmoja aandike tu: kifungu cha 217 kifutwe, ndiyo au hapana? Mimi naanza, ndiyo.

Katekista wa Parokia
Ndiyo, ila kwa masharti.

Nesi wa Zamu ya Usiku
Ndiyo. Masharti gani Katekista?

Sajini Mstaafu
Hapana. Na hatujakubaliana chochote, Kijiti usituandikie.

Bi Mkubwa wa Tabata
217 ni kitu gani tena? Ndiyo ile muvi?