Nimepiga jipsam ukutani, jirani bado namsikia akikohoa

Mpangaji wa Tabata:
Wakuu habari za jioni. Nimepanga vyumba viwili, ukuta mmoja tunashea na jirani, jamaa mstaarabu tu ila usiku ni mpira na sabufa. Nikaita fundi akanipigia jipsam kwenye huo ukuta, fremu ya mbao, katikati tukajaza vipande vya godoro la zamani, laki tatu na ushee imenitoka. Kelele imepungua kidogo sana, anachoongea na simu bado nakipata neno kwa neno. Ukuta wenyewe ni tofali la nchi 6, plasta pande zote. Niongeze jipsam ya pili au nimeliwa?

Kibopa:
Bandika trei za mayai mkuu, mbona studio za mtaani wanafanya hivyo

Fundi Mstaafu:
Trei za mayai zinapunguza mwangwi kidogo humohumo ndani, sauti ya jirani hazizuii hata chembe. Na hilo godoro nalo halina uzito wa kuzuia kitu halafu linashika moto haraka, ungelitoa.

Tofali la nchi 6 lenye plasta pande zote linakata desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 40 na kitu, maongezi ya simu hayapenyi hapo ukayasikia neno kwa neno. Maana yake sauti haipiti ukutani, inazunguka. Nyumba nyingi za kupangisha ukuta unaishia kwenye linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), juu ni kenchi (mbao za paa) na bati basi, uwazi mmoja toka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho. Inapanda kwake kupitia dari, inatembea huko juu, inashuka kwako. Ukuta ukiwa na uwazi wa asilimia 1 tu, hata uwe wa zege, wote kwa pamoja unakata kama desibeli 20. Akiongea panda kwenye stuli, sikiliza usawa wa dari halafu ushuke uweke sikio ukutani, ulinganishe wapi inasikika zaidi.

Mama Wawili:
Angalia na soketi, kwangu zilikuwa mgongo kwa mgongo na za jirani, tundu moja 🤦🏾‍♀️ tukazima umeme mainswichi, fundi akaziba nyuma kwa plasta, afadhali kubwa.

Mpangaji wa Tabata:
Fundi heshima yako. Nimefungua kifuniko cha dari nikachungulia, naona mwanga wa taa ya jamaa kabisa, paka anaweza kutoka kwangu akaenda kwake. Kumbe laki tatu nimeitupa ukutani. Sasa nafanyaje?

Fundi Mstaafu:
Pandisha tofali juu ya linta mpaka lifike kwenye bati, na yale mawimbi ya bati uyazibe kwa udongo wa saruji, usiache matundu maana hapo ndipo mafundi wanapokimbilia kumaliza kazi. Mwenye nyumba akikataa tofali, jipsam mbili mbili kila upande wa fremu, katikati sufi ya mawe (rockwool), viungo vya jipsam ya kwanza na ya pili visikutane, kingo zote silikoni. Ila mdundo wa sabufa utabaki, ule unatembea kwenye sakafu na msingi, sabufa yenyewe anatakiwa ainyanyue jamaa mwenyewe toka sakafuni.

Mpangaji wa Tabata:
Nimeongea naye, spika kaisogeza mbali na ukuta kaiweka juu ya kipande cha tairi. Anasema na yeye kumbe mtoto wangu akilia anamsikia, alikuwa anaona aibu kusema. Tofali mwenye nyumba kakubali nusu kwa nusu tukatane kwenye kodi, jumamosi fundi anapanda.