Chakula gani cha usiku naweza kupika ndani ya nusu saa kwa watoto wa miaka 6 na 4?

Baba Wawili
Habari za usiku wakuu. Naombeni ushauri, nimekwama kweli.

Nina watoto wawili. Wa kike ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Wa kiume ana 4, chekechea. Nauza duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, tunafunga saa 11 jioni, lakini kwa foleni ile mpaka nishuke Chanika ni saa 2 kasoro. Watoto wanashinda kwa mama jirani. Nikifika wanasinzia. Nikisema nibandike wali na mboga, mpaka viive mdogo keshalala sakafuni na viatu vyake. Kwa hiyo napitia zege (chipsi mayai) stendi, wanakula, tunalala. Hivyo hivyo Jumatatu hadi Ijumaa, mwezi wa tatu sasa.

Mdogo anapata choo kigumu mpaka analia chooni. Mwalimu wa mkubwa kaniandikia kwenye daftari kwamba mtoto anasinzia darasani. Nina jiko la gesi la plate mbili na friji dogo. Nipeni vyakula vya haraka vyenye afya. Nusu saa, isizidi.

Kitunguu Maji
Mkuu, hapo shida ni kazi, chakula kinasingiziwa tu. Mimi Kariakoo niliacha 2019, nikafungua genge mlangoni kwangu. Nilianza na nyanya, vitunguu na mkaa wa kupima kwenye kopo. Mwaka wa kwanza nililia. Leo nakula mchana na wanangu na foleni naisikia redioni. Fikiria hilo.

Mpishi wa Zamu
Kaka, achana na huyo, kazi haiachwi kwa sababu ya mboga.

Mimi natoka zamu usiku na nina watatu. Siku yangu ya kupika ni Jumapili. Kilo moja ya maharage inalowekwa Jumamosi usiku, asubuhi namwaga yale maji, naweka mengine, presha kuka kama dakika 25 tangu ianze kupiga mluzi. Yakipoa nagawa kwenye makopo matano, friza. Mchicha nachambua usiku wa kuamkia siku ya kupika, siuoshi, naufunga kwenye kitambaa kikavu ndani ya friji. Ukiuosha mapema unaoza.

Jioni plate moja maji ya ugali, ya pili kitunguu, nyanya na karoti iliyokwaruzwa, namwagia kopo la maharage lililoyeyuka tangu asubuhi. Mchicha unaingia mwishoni kabisa, dakika tatu nne, uzime ukiwa bado kijani. Tangu kuwasha hadi kunawa mikono ni dakika 20. Huyo wa choo kigumu mpe papai na maji ya kutosha mchana, zege lipumzike.

Mzee wa Kigoma
Dagaa! Nashangaa mpaka sasa hakuna aliyetaja. Dagaa wa Kigoma, toa vichwa, osha kwa maji ya moto, kaanga na kitunguu, nyanya mbili, kamulia ndimu. Dakika 10. Marehemu mama yangu alikuwa anawaunga kwa mawese, tunakula kumi sahani moja, na mdogo wetu aliyekuwa wa mwisho kunawa alikuta mchuzi tu. Watoto wa siku hizi wanachaguachagua kwa sababu tunawachagulia.

Shangazi wa Tanga
Mwanangu, mama watoto yuko wapi? Umetaja jirani, umetaja mwalimu, yeye hujamtaja.

Baba Wawili
Shikamoo shangazi. Mama yao yuko safarini. Mpishi wa Zamu asante sana, ila presha kuka sina. Bila hiyo maharage yanachukua muda gani?

Dogo wa Mbezi
Oa wa pili uzi ufungwe 😂

Shangazi wa Tanga
Marahaba mwanangu. Na wewe Dogo, watoto wa watu wanalala na zege tumboni, si wakati wa utani. Baba Wawili, safari ya miezi mitatu ni safari gani?

Baba Wawili
Sawa, mmenibana. Yuko Muscat, kazi za ndani, mkataba wa miaka 2. Duka lake la nguo lilikufa, tukabaki na deni la kikoba. Tulikubaliana wote wawili, hakuna ugomvi.

Na niseme lingine. Nimeshaongea na mama yangu mzazi, yuko Korogwe. Jumamosi nawapeleka watoto kwake, tiketi nimeshakata, basi la asubuhi stendi ya Magufuli. Mama ana ng'ombe, watakunywa maziwa kila siku. Shule iko jirani, wanatembea kwa miguu. Sioni ubaya wowote. Nilitaka tu mawazo ya chakula cha hizi siku nne zilizobaki.

Mpishi wa Zamu
Siku nne? Kaka, mtu wa siku nne haulizi maharage bila presha kuka yanachukua muda gani.

Shangazi wa Tanga
Mama yao anajua kuhusu Korogwe?

Baba Wawili
Bado. Simu anashika Ijumaa tu, siku ya mapumziko yake. Nitamwambia wakishafika, nisimpe mawazo akiwa ugenini.

Mjukuu wa Bibi
Mimi nililelewa na bibi, Lushoto, tangu miaka mitano. Nisimsingizie, sikulala njaa hata usiku mmoja. Bada, maharage, maziwa ya mgando, matunda damu mpaka kinywa kinakuwa chekundu. Baba alikuja baada ya miaka mitatu. Nilimkuta uwanjani, nikamwamkia, nikamletea kiti, kisha nikaenda kumwita bibi: "Kuna mgeni." Sikujua kwa nini bibi alilia. Basi, nimeona niliseme hilo.

Msema Kweli
Jamani, hii ni chai. Nimefungua nyuzi zake za zamani. Mwaka jana aliomba ushauri wa mtaji wa duka la mke, akaandika kwa mkono wake: "tuna mtoto mmoja tunaishi naye, wa miaka 3." Leo ana wawili, wa kwanza ana miaka 6. Huyo binti kazaliwa na miaka mitano? Mnapoteza muda kumfundisha kupika mtu asiye na watoto.

Kitunguu Maji
Aisee. Na mimi nilikuwa natafuta bei ya presha kuka nimpe.

Dogo wa Mbezi
Mleta uzi jitokeze. Kimya.

Wa Kayole
Chai ama si chai, wako wazazi wanasoma hapa. Huku Nairobi githeri, yaani mahindi na maharage, inauzwa kibandani ikiwa imeshachemshwa. Ukitoka kazini unabeba, unaikaanga na kitunguu, nyanya na sukuma wiki kidogo, dakika 15 watoto wanakula. Tafuteni mama anayeuza maharage yaliyochemshwa hapo mtaani kwenu.

Baba Wawili
Nilikuwa nawalaza. Msema Kweli, nilichoandika mwaka jana ni kweli, na cha leo ni kweli. "Tunaishi naye" ni mmoja, kwa sababu mkubwa alikuwa Korogwe kwa bibi tangu ana miaka 2. Mama yake ndiye aliyemfuata Desemba. Alisema hataki tena mwanawe akulie mbali, hata kama tutakula ugali na chumvi.

Shangazi wa Tanga
Kumbe jibu lake unalijua. Ndiyo maana unasubiri wafike kwanza.

Msema Kweli
Nimekosea, nisamehe ndugu yangu. Nilidhani umetunga.

Dada Lishe
Nafanya kazi kitengo cha lishe na nimesoma uzi wote. Baba, nusu saa unayoitafuta haitamsaidia mdogo, hata upike kwa dakika kumi. Mtoto wa miaka 4 anatakiwa awe ameshiba kabla hujashuka kwenye daladala. Huyo mama jirani anawasha mkaa mchana? Mpe maharage yako yaliyolowekwa na hela ya mkaa, yataivia hapo taratibu, presha kuka huihitaji. Saa 12 jioni awape watoto mlo kamili: maharage na ugali, au viazi lishe na dagaa, na mboga ya majani. Hela unayoacha kwa muuza chipsi siku tano itatosha kumlipa, piga hesabu mwenyewe.

Ukifika wewe, kuleni pamoja kitu chepesi. Uji wa ulezi wenye maziwa na unga wa karanga, au yai la kukoroga na mchicha kwa mafuta nusu kijiko. Yai halina kosa, kosa ni mafuta ya lile karai na sahani isiyo na jani hata moja. Karanga ziwe za kusaga, nzima zinaweza kumpalia mdogo. Chai ya rangi usiwape pamoja na mlo, inazuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri. Ndimu inasaidia, hapo mzee wa Kigoma yuko sahihi. Na choo kikiendelea kuwa kigumu, mpeleke kituo cha afya.

Baba Wawili
Asante dada. Jirani nimemgongea sasa hivi, amekubali, kasema mkaa wake unawaka hadi saa 1 kila siku na sufuria kubwa anayo. Hajataka kutaja bei, kasema tutaongea.

Mkubwa aliniona nachambua maharage akaja kukaa, anatoa vijiwe na kuvipanga mstari kwenye kifuniko. Kaniuliza kama haya ni ya kubeba kwa bibi. Sikumjibu. Kumbe alikuwa ameiona tiketi.

Ijumaa nitampigia mama yao kabla ya kufanya lolote. Mpishi wa Zamu, nimeloweka kilo nzima. Niweke chumvi sasa?

Mpishi wa Zamu
Hapana, chumvi mpaka yaive. Na hayo maji ya kulowekea yamwage asubuhi, umpelekee jirani maharage matupu.