Kuku wangu wenye manyoya miguuni wana magaga, jogoo anachechemea, nipake nini?

BintiMikindani
Habari zenu wafugaji wenzangu, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri wa haraka maana huyu jogoo ananiumiza roho. Niko Mikindani, nafuga kienyeji wamechanganyika na Brahma, wale wenye manyoya mpaka kwenye vidole, mbegu alinipa shangazi yangu wa Masasi. Ilianza kama vumbi jeupe katikati ya magamba ya miguu, ungesema kakanyaga chokaa, saa hivi magamba yamenyanyuka, yamekuwa manene ya kijivu, ukipitisha kidole yanakwaruza. Kwa hawa wenye manyoya ndo balaa zaidi, kwa nje huoni kitu mpaka uyafunue, chini unakuta ngozi nyekundu inatoa majimaji. Jogoo anachechemea na usiku anajidonoa miguu mpaka damu. Matetea wawili nao washaanza, vifaranga bado wako safi.

Nimetafuta video mtandaoni, nyingi zinazokuja ni za farasi wa Ulaya wenye manyoya miguuni, wananyoa manyoya alafu wanachoma sindano. Jirani yangu anasema nimwagie salfa ya mikorosho, ninayo iliyobaki ndani. Mwingine kasema mafuta ya taa. Nishike lipi? Na mayai tunakula nyumbani na watoto, mengine nauza hapa mtaani.

FundiBanda_Masasi
Pole dada. Mafuta ya taa tu, chovya mguu wote toa, ukikosa oili chafu ya bodaboda. Sisi tumekuta wazee wanafanya ivoivo.

MamaVifaranga wa Lindi
Kaka Fundi tuheshimiane ila hapo hapana kabisa. Huyo jogoo ngozi ishachubuka inatoa maji, we unaenda kumchovya kwenye mafuta ya taa, ataungua na kesho hasimami. Na oili chafu ina uchafu wa injini, kuku anajidonoa miguu kila saa, yote inaingia tumboni na kwenye mayai ya watoto.

Mdogo wangu Binti, hao ni utitiri wa miguu, fanya hivi. Usiku wakishalala ndo wakati wake, kuku ametulia hakusumbui. Andaa beseni dogo la maji ya uvuguvugu, uvuguvugu ule wa kumuogesha mtoto, tia sabuni ya kipande kidogo ipovuke. Mpakate jogoo umfunge mabawa kwa khanga, miguu iingie kwenye maji mpaka pale magaga yanapoishia, mwache humo magaga yalainike, usiwe na haraka. Alafu chukua mswaki wa zamani, sugua taratibu kufuata magamba yanavyoelekea, yaani kutoka juu kushuka kwenye vidole, ukisugua kwenda juu unayafungua unamuumiza. Utaona unga mweupe unatoka na vipande vilivyolegea, hivyo viache vitoke vyenyewe. KILICHOSHIKA USIBANDUE, ukibandua kwa kucha chini ni nyama na damu, hapo umefungua mlango wa kidonda na nzi. Kausha kwa kitambaa mpaka katikati ya vidole, hasa hao wenye manyoya maana unyevu unabaki humo, ndo upake mafuta ya mgando mazito mpaka yaingie chini ya magamba. Hayo mafuta yanaziba pumzi ya wadudu. Mimi nikikosa ya mgando napaka ya nazi au ya ufuta, lakini yanakauka upesi inabidi kurudia mara kwa mara.

Kupaka rudia kila baada ya siku mbili tatu, kuosha hata mara moja kwa wiki inatosha, na usiache mpaka wiki nne hivi ziishe hata ukiona amepona, maana wadudu waliobaki chini ya magamba wanazaana tena.

Mkulima_Tandahimba
Hapo kwenye salfa nichangie mimi, kila msimu tunaipuliza mikorosho kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiri unga. Ule unga ukikuingia machoni unajua mwenyewe, na ukichanganyika na jasho ngozi inawaka. Sasa uumwage kwenye mguu wenye kidonda wa kuku anayelala ameinamisha kichwa, macho na pua vyote vinavuta. Ni kweli salfa inaua utitiri ila hii ya mashineni acha ifanye kazi yake shambani.

Alafu kuna kitu nimewahi kumsikia mtu anashauri na kimenitisha, ati paka mafuta ya maganda ya korosho. Dada yangu USITHUBUTU. Waulize akina mama wanaobangua kwa mkono vidole vyao vikoje, yale mafuta yanababua ngozi ya mtu mzima itakuwa mguu wa kuku!

AfisaMifugoMstaafu
Binti yangu pole, na hongera kwa kufunua manyoya ukaangalia, wengi wanashtuka kuku keshaanza kupoteza vidole.

Mama wa Lindi kakuelekeza vizuri. Mimi nikueleze mdudu mwenyewe. Anaitwa Knemidocoptes mutans, kwa macho humuoni, anachimba chini ya magamba na anaishi humohumo mwilini mwa kuku maisha yake yote, anazaa hapohapo. Ndo maana majivu na vumbi la kuogea, vinavyosaidia kwa utitiri wa mwilini, kwa huyu havifiki. Anaambukiza polepole kwa kugusana, na njia kubwa ni mama kulalia vifaranga, kwa hiyo matetea wenye magaga usiwaache waatamie kwa sasa. Kuku wenye manyoya miguuni wanashikwa kirahisi na wanagundulika kwa kuchelewa.

Zile video za farasi usizifuate. Farasi wale wakubwa wa Uingereza kama Shire na Clydesdale wana mdudu mwingine, Chorioptes, huyo hachimbi, anakaa juu ya ngozi anakula ukoko, na anaweza kuishi wiki kadhaa kwenye matandiko ya zizi hata farasi hayupo. Ndo maana wao wananyoa manyoya na kutupa matandiko yote. Wewe manyoya ya kuku usiyang'oe, na machanga usiyakate, ndani yana damu. Yagawe tu kwa vidole upake kwenye ngozi.

Kuhusu sindano, ipo dawa inaitwa ivermektini, inawaua kweli, na kwa kuku aliyezidiwa inatumika. Shida ni kwamba dawa inayouzwa madukani imetengenezwa kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, kipimo chake ni mililita 1 kwa kilo 50 za uzito wa mnyama. Kuku wako ana kilo 2 au 3, piga hesabu uone ni tone kiasi gani, mtu akikosea kidogo tu kamzidishia mara kumi. Na hata Marekani na Uingereza haina kibali kwa kuku wa mayai. Kama miguu ya jogoo haionyeshi nafuu, mpeleke kwa afisa mifugo wa kata yako amuone na apime yeye, na kuku atakayechomwa mayai yake msile wala usiuze mpaka muda atakaokupa uishe. Kwa mafuta ya mgando mayai kuleni bila wasiwasi.

Mnewala
Mzee shikamoo. Sisi wa huku juu Newala maji ya kununua, kuku ninao wengi, beseni kila kuku nitafilisika. Hakuna namna?

AfisaMifugoMstaafu
Marahaba mwanangu. Ipo. Maji moja yaanze kwa wenye magaga kidogo yamalizie kwa waliozidiwa, yakichafuka ndo ubadilishe. Na wasio na dalili usiwaoshe, wapake mafuta tu, lakini wapake WOTE, ukimruka mmoja anawarudishia wenzake.

BintiMikindani
Asanteni sana jamani, mama wa Lindi Mungu akubariki, baba afisa nakushukuru. Jogoo nimemuosha usiku huu kama nilivyoelekezwa, unga umetoka mwingi mpaka maji yamekuwa meupe, kwenye kidole cha nyuma kuna gaga kubwa limegoma nimeliacha. Nimempaka katulia. Matetea nawatenga kesho. Maswali mawili tu, banda nifanyeje? na hayo magamba yaliyonyanyuka yatalala tena?

MamaVifaranga wa Lindi
Banda toa matandiko ya chini uchome, fito wanazolalia sugua kwa maji moto na sabuni zikauke juani, alafu paka mafuta hayohayo ya mgando kwenye nyufa, kama fito zimeoza weka mpya tu. Jogoo mtenge peke yake pakavu mpaka kidonda kifunge, maana wenzake wakiona damu watamdonoa.

Magamba usiyasubiri haraka mdogo wangu. Yaliyoharibika yanabaki hivyohivyo, mapya yanakuja akishanyonyoka manyoya na kuota upya, inaweza kwenda hata miezi mingi. Wewe angalia kama unga mweupe haurudi, uwekundu unaisha na anakanyaga vizuri, hapo jua dawa inafanya kazi hata kama mguu bado unatisha kwa macho.

FundiBanda_Masasi
Nimesoma yote. Mafuta ya taa nimeyaacha, kesho nanunua ya mgando. Mama wa Lindi, bata nao nipake?

MamaVifaranga wa Lindi
Bata mara chache sana kupata hawa, kaka. Waangalie miguu tu, ukikuta isafi waache.