Leso na mitindo ya siasa: ipi haitalala dukani?

Muuzaji wa Mwembe Tayari
Assalam aleikum jamaa wa Mombasa. Siasa ikichemka, TikTok na Instagram hujaa vazi fulani. Tangu Oktoba 2023 ni kefiye za Kipalestina (vile vitambaa vya kichwani na shingoni), Juni 2024 zikaja bangili za rangi za bendera ya Kenya, na kati yake suti za Kaunda (koti lisilotaka tai na suruali yake). Joto likipoa, mzigo unabaki kabatini. Mtu atapambanua vipi mtindo wa kubeba na wa kuacha? Na mapambo ya nyumba je, nayo hufuata siasa?

Bibi wa Kibokoni
Waaleikum salaam mwanangu. Anzia kwa leso, yaani kanga, maana ilikuwa ikituma ujumbe kabla simu hazijazaliwa. Leso ina pindo la pembeni, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Siasa hukaa kwenye jina. Jina linalomtaja mtu lina siku zake: leso za Obama za 2008 leo ni za sandukuni, hazifungwi jikoni. Fumbo halichachi. "Mkulima ni mmoja walaji ni wengi", ukiivaa wakati wa Muswada wa Fedha wa 2024 watu wanasoma kodi. Ukiivaa mwaka mwingine anayesomwa ni wifi asiyeosha sahani. Doti, yaani jozi ya leso, ni ile ile.

Ukiagiza doti mia, themanini ziwe za fumbo. Ishirini za tukio, shusha bei kabla ya mwezi kwisha, usingoje watu waache kuuliza.

Fundi cherehani, Majengo
Shikamoo bibi. Niongeze upande wa kushona, kwa sababu vijana sasa wanataka shati la leso ili maneno yaonekane kwenye picha.

Leso mpya ina wanga. Iloweke maji baridi usiku kucha, suuza mpaka maji yatoke safi, anika, piga pasi, ndipo ukate. Usipofanya hivyo pamba hurudi mteja akifua, na shati linambana kwapani. Kipande kimoja ni karibu sentimita 150 kwa 110, kwa hivyo shati la mikono mifupi la mtu wa wastani linatoka, lakini kwa hesabu. Makosa makubwa ni kukunja kitambaa mara mbili kama kitenge: jina linapita katikati ya vifungo, na mtu anatembea na "Mkulima ni" kifuani na "wengi" kwapani. Tandaza leso wazi, weka karatasi ya kipimo cha mgongo juu ya jina kwanza, kisha zungushia vipande vingine.

Suti ya Kaunda ni habari nyingine. Haiandikwi kitu. Spika wa Bunge la Kenya aliipiga marufuku bungeni Novemba 2023, na mafundi bado wanaishona. Inataka mita 3 hadi 3.5 za kitambaa cha upana wa mita 1.5, na kola iwekwe kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi, la sivyo inalegea kama sikio la mbuzi.

Mpanga rangi
Fundi, umesahau rangi. Nairobi kijana wa kike akivaa nyeusi siku ya maandamano, ni tamko. Hapa kwetu buibui ni nyeusi siku zote, kwa hiyo usipime hali ya siasa Mombasa kwa nyeusi. Chungwa na manjano, angalieni uchaguzi wa 2027: vyama vya ODM na UDA vitazimeza, na leso nzuri ya manjano itaonekana sare ya mkutano.

Bangili: mfuatano ni nyeusi, nyeupe, nyekundu, nyeupe, kijani. Wengi huacha shanga nyeupe, na hapo si bendera tena. Kuchapa bendera yenyewe kwenye bidhaa ya kuuza ni jambo la kuombewa idhini kisheria. Shanga za rangi ni salama zaidi.

Kefiye: igeuze. Iliyofumwa ina mchoro pande zote mbili, iliyochapwa nyuma imepauka. Choma uzi mmoja: pamba hubaki jivu, poliesta huyeyuka ikawa kipira kigumu.

Mpambaji nyumba, Mji wa Kale
Nyumba hufuata siasa polepole, maana ukuta haubadilishwi kama shati. Marekani, jiko la kishamba la aproni na mkate wa kuoka nyumbani lilivuma mitandaoni wakati wa karantini ya 2020, na sasa linabishaniwa kama ishara ya mrengo wa kihafidhina. Hapa watu wanataka ukuta mweupe wa chokaa na vidaka, vile vishubaka vya ukutani. Wako wanaosema ni fahari ya Upwani. Mimi naona nusu yake ni wenye nyumba za wageni wanaotafuta picha.

Lolote liwe, msipige saruji juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe. Jiwe lile lina chumvi na hupumua. Saruji hufungia unyevu ndani, plasta inavimba na kubanduka mabamba. Pigeni chokaa tabaka nyembamba, kila tabaka linyunyiziwe maji siku kadhaa lisikauke ghafla likapasuka. Na vidaka vichongwe kabla ya tabaka la mwisho.

Muuzaji wa Mwembe Tayari
Ahsanteni. Bibi, hizo themanini za fumbo, nichague mji wa rangi gani?

Bibi wa Kibokoni
Nyekundu, nyeusi na nyeupe, kama leso ya kisutu. Hiyo kila harusi inaitaka, awe nani Ikulu.