Tupeane uzoefu: mnafundishaje tumaini la ufufuo likamfikia mtu mwenye msiba?

Mwanzisha mada
Kristo amefufuka, wapendwa! Mada hii ni ya walimu wa mafundisho, viongozi wa ibada na wale wanaokwenda kukaa na wafiwa. Kila Pasaka tunatangaza kaburi wazi, lakini muumini mwenye marehemu wake anaweza kurudi nyumbani asijue kaburi lile linamhusu nini. Tuandike njia: unaanzia andiko gani, unafuata hatua zipi, watu hukwama wapi na kwa nini. Shuhuda tuziweke kando kwa leo.

Mwalimu wa wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa)
Anza na 1 Wakorintho 15. Barua hiyo iliandikwa miaka ya 50 hivi, kabla ya Injili zote nne kwa hesabu ya wataalamu wengi, na Paulo mwenyewe anasema anakabidhi alichopokea. Igawe sura vipindi vitatu: aya 1–11, 12–34, 35–58.

Kipindi cha kwanza wahesabishe mashahidi: Kefa (yaani Petro), Thenashara (wale wanafunzi kumi na wawili), ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, Yakobo, mitume wote, kisha Paulo. Waonyeshe kwamba wengi wa wale 500 walikuwa bado hai barua ilipoandikwa, kwa hiyo msomaji wa Korintho angeweza kwenda kuwauliza.

Kipindi cha pili kina neno moja la kukaa nalo muda mrefu, aya ya 20: *limbuko*. Fungueni Mambo ya Walawi 23:10–11. Mganda wa kwanza wa mavuno ulipelekwa kwa kuhani, naye akautikisa mbele za Bwana siku iliyofuata Sabato. Mganda ule ulitoka shamba lile lile na mavuno yaliyokuwa bado yamesimama. Wanafunzi wengi hukwama hapa: wanaamini Yesu alifufuka kwa sababu ni Mwana wa Mungu, basi jambo hilo ni lake peke yake. Paulo anamwita limbuko la *waliolala*, yaani waliokufa. Usiivuke aya hii mpaka mwanafunzi aeleze kwa maneno yake mwenyewe mavuno yaliyobaki ni nani.

Kipindi cha tatu ni mbegu: mwili huzikwa kama mbegu ipandwavyo. "Mwili wa roho" wa aya ya 44 hueleweka vibaya, watu hudhani ni kivuli. Wapeleke hapo hapo Luka 24:39–43: Yesu aliyefufuka ana nyama na mifupa, anakula samaki wa kuokwa. Kisha Yohana 20:27, alama za mateso bado zipo. Ni mwili ule ule, ila umebadilishwa.

Mzee wa kanisa, huduma ya faraja
Asante mwalimu. Kwenye nyumba ya msiba usipeleke sura nzima. Kaa kwanza, sikiliza. Ukiombwa neno, Yohana 11:32–35 na 1 Wathesalonike 4:13–14 yanatosha, halafu nyamaza.

Kosa kubwa ni kuigeuza aya ile ya 13 kuwa katazo la kulia. Paulo anasema tusihuzunike *kama* wasio na matumaini; huzuni yenyewe hakuikataza. Yesu alijua anakwenda kumwita Lazaro, rafiki yake aliyekufa, atoke kaburini, na bado alilia. Kosa la pili ni kusema "Mungu alimhitaji zaidi" au "sasa ni malaika". Naomba tuyaache kabisa maneno haya. 1 Wakorintho 15:26 inaiita mauti adui, na mfiwa hapaswi kulazimishwa kumshukuru adui.

Lazaro naye tumtaje kwa uangalifu. Alitoka amefungwa sanda, ikabidi watu wamfungue, na baadaye alikufa tena kama wanadamu wote. Kaburi la Yesu lilibaki na sanda ndani, leso imewekwa mbali mahali pake (Yohana 20:6–7). Tunachongoja ni ufufuo wa namna hii ya pili.

Rudi tena wiki kadhaa baadaye, watu wakishatawanyika. Hapo Luka 24 inafaa sana. Wale wawili wa njia ya Emau walisema "tulikuwa tukitumaini", na Yesu aliwaacha wamalize yote ndipo akaanza kufundisha.

Mratibu wa liturujia
Naongezea Mkesha wa Pasaka kwa utaratibu wa Kikatoliki. Usianze kabla ya giza kuingia. Ukianza jua lingalipo, moto mpya unaowashwa mwanzoni mwa ibada haumwambii mtu chochote. Zima taa zote za kanisa. Mshumaa wa Pasaka uwe wa nta, mpya kila mwaka: chora msalaba, Alfa na Omega, tarakimu za mwaka, kisha unaweza kuchomeka punje 5 za ubani. Masomo ya Agano la Kale ni 7. Shida ikiwepo yapunguzwe, lakini yasipungue 3 kwa kawaida, na Kutoka 14 lisiachwe kamwe. Waumini wakipeana mwanga, mshumaa uliowaka ubaki wima na ule usiowaka ndio uinamishwe, vinginevyo nta humwagikia mikono.

Sasa linalohusu mada: mshumaa huo huo huwashwa kwenye ubatizo na kuwekwa karibu na jeneza wakati wa mazishi. Waelezeni waumini mapema, usiku ule ule wa Pasaka, kwa sababu siku ya msiba hakuna mwenye nafasi ya kuelezwa ishara.

Mwalimu wa watoto
Kwa wadogo, Ijumaa na Jumapili zisimuliwe katika kikao kimoja. Ukiishia msalabani ukawaambia "tutaendelea wiki ijayo", mtoto analala siku 7 na Yesu aliye kaburini. Tumieni Marko 16:1–6.

Mwanzisha mada
Mwalimu wa wakatekumeni, waliochomwa moto au kuzama baharini unawajibuje ndugu zao?

Mwalimu wa wakatekumeni
Kwa 1 Wakorintho 15:38: mbegu haijipi mwili, Mungu ndiye huipa. Kisha namsomea Ufunuo 20:13, bahari ikiwatoa wafu waliomo ndani yake.