Tupeane uzoefu: nani alikushika mkono ulipoanza kazi ya ukutubi?

Wakutubi wenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Rungwe, poleni na baridi. Kila mwaka vijana wanatoka SLADS, chuo cha ukutubi kule Bagamoyo, na vyuo vikuu, na wengi wakifika kazini wanakabidhiwa funguo tu. Tuelezane nani alitulea, na alitulea vipi. Naanza mimi.

Nilianza kwenye maktaba ya umma, diploma bado mpya. Wiki ya pili akaingia mzee mkulima kutoka upande wa Uyole, anataka kitabu cha viazi mviringo. Nikampeleka moja kwa moja rafu ya 633, namba ya mazao ya shambani katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa mada. Mahindi yapo, chai ipo, kahawa ipo, viazi hakuna. Nikamwambia, "Samahani mzee, hatuna." Mama aliyekuwa anabandika lebo akainuka kimya, akasogea hadi 635, mbogamboga, akamtolea kitabu: 635.21. Hakunisema mbele ya mgeni. Mzee alipoondoka ndipo akaniita. "Mwanangu, Dewey alikuwa Mmarekani, kiazi amekiweka bustanini. Huku kwetu mtu analima heka tatu. Ukikosa 633, usiseme hatuna."

Tangu hapo kila Ijumaa alasiri tulikaa na vitabu vipya, kila mtu akiandika namba kwenye karatasi yake, kisha tunalinganisha. Tukitofautiana, ananitaka nijitetee kwanza kabla hajasema yake. Tulikwenda hivyo miezi minne. Hakuna semina iliyonifunza kama zile Ijumaa.

Wa Tukuyu: Mimi mlezi wangu alikuwa kwenye simu. Mvua za huku mnazijua. Paa lilivuja usiku, vitabu vikalowa, nami nikavianika juani. Majalada yakajikunja kama ndizi kavu. Nikampigia dada tuliyefanya naye mafunzo kwa vitendo, akasema: viondoe juani sasa hivi, visimamishe, weka karatasi zinazonyonya maji kila baada ya kurasa kadhaa, zibadilishe zikilowa, washa feni, maana ukungu unaweza kuanza ndani ya siku mbili. Tuliokoa vingi.

Wa Iringa: Sikuwa na mlezi, niseme ukweli. Miezi sita nagonga mihuri, nywila ya Koha, programu ya kuendeshea maktaba, anayo mkuu peke yake. Nikashukuru kwamba Koha ni programu huria: nikaiweka kwenye kompyuta yangu, nikaorodhesha vitabu vyangu vya nyumbani hadi nikaielewa. Leo kijana akija kwangu, siku ya kwanza namfungulia akaunti kwenye kanzidata ya mazoezi. Aharibu, arekebishe. Kunyimwa kule kuliniuma sana, sitaki mwingine apitie hayo.

Wa Njombe: Shikamooni. Nimehitimu mwaka jana, niko sekondari, maktaba ni chumba kimoja na niko peke yangu. Riwaya za Kiswahili naziweka 896.392, namba ya fasihi ya Kiswahili, ila tamthiliya na mashairi nachanganyikiwa, na hapa hakuna wa kumuuliza.

Mimi niliyeanzisha mada: Marahaba, mdogo wangu. Kwa 896.392 hujakosea. Ijumaa saa tisa alasiri nipo. Piga picha ukurasa wa jina la kitabu na yaliyomo, vitabu vitano tu, unitumie pamoja na namba uliyoifikiria na sababu yake. Nami nitaandika zangu kabla sijafungua zako.